Niliomba Mahari Mbele ya Mtaa

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu wote, poleni na safari na poleni na jua hili. Nimeitwa nisimame hapa niwaeleze kikundi chetu kilianzaje, na kusema kweli nilijaribu kukwepa. Nilimwambia katibu nina kikohozi. Akasema atanisubiri nipone. Basi nimesimama.

Kabla sijaanza nawaomba kitu kimoja. Mimi nimezaliwa Ukerewe, na ulimi wangu haujawahi kupatana na herufi mbili, ile ya "lala" na ile ya "rudi". Zinabadilishana viti zenyewe mdomoni, mimi nakuja kujua nikiona watu wameziba midomo. Leo nikiteleza, cheka kidogo, halafu endelea kunisikiliza. Habari yenyewe ninayowaletea imetokana na herufi hizo mbili, na ni habari ya aibu. Wenzangu wakisimama kutoa ushuhuda huwa wanang'aa. Mimi hata sasa hivi nautafuta mlango kwa macho.

Niliolewa na kijana wa upande wa Kisesa, karibu na Bujora kule. Msukuma wa ng'ombe kweli kweli, ila yeye mwenyewe alikuwa anafanya kazi ya mizani kwenye ushirika wa pamba. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wale walivushwa kwa pantoni kuletwa kisiwani kwetu. Watu waliacha mihogo shambani wakaja kuwaangalia wanavyoshuka, maana wengine walikuwa wanagoma kutoka, wanasukumwa mkia. Nilikuwa msichana. Nilisimama nyuma ya mama yangu nikajiona nina thamani kubwa. Nayasema haya mjue kwamba neno mahari kwangu mimi si neno la hivi hivi.

Tulikaa Mkuyuni, chumba kimoja cha kupanga na jiko la mabati nje. Mtoto hatukubahatika. Tulikwenda hospitali, tulikwenda na kwingine ambako sitawaambia, hakuna kitu. Mume wangu mwanzoni hakunisema. Halafu ikaja ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao na magari yao, wakawa wanawafuata wakulima hadi shambani. Ushirika ukaanza kupunguza watu. Mume wangu alikuwa wa mwanzo mwanzo. Alikaa nyumbani msimu mzima, amevaa shati lile lile la kazini, kisha akasema anakwenda Geita kwenye dhahabu, akipata mtaji anarudi.

Ndugu zangu, hakurudi. Wakaja watu kutoka huko wakaniambia, kwa ile sauti ya kuonea huruma ambayo siipendi mpaka leo, kwamba ana mwanamke mwingine.

Nilichofanya ni kuficha. Nilikuwa nauza dagaa sokoni Mkuyuni, nawafuata mwaloni maboti yanakoshusha, alfajiri, nawaanika, nawauza kwa kopo. Nikipata cha ziada nanunua kitenge, navaa Jumapili, nawaambia majirani mume wangu kakituma. Walikuwa wananisifia kitenge. Leo najua walikuwa wanajua, na kila nikikumbuka zile sifa zao natamani nijifunike na meza hii.

Sasa, ilikuwaje nikaanza kulaza wajawazito, mimi ambaye sikuwahi kubeba mimba? Siku moja nimekwenda hospitali kumwona jirani, nikamkuta msichana ameketi kwenye baraza na kifurushi, tumbo liko juu, anaongea Kikerewe peke yake, anajisemesha. Alikuwa ametumwa kutoka visiwani kwa sababu uzazi wa kwanza alipasuliwa. Akaambiwa siku zake bado, aje baadaye. Arudi wapi? Meli nauli, mjini hana ndugu. Enzi zile tulikuwa tumeshaanza kuchangia matibabu, mjamzito anakuja na pamba yake, na glovu zake, na wembe wake, akimaliza kununua hivyo hana hata ya mhogo. Alikuwa analala pale pale barazani.

Nikamchukua. Sikufikiri sana, ni lugha tu ilinivuta, nilitamani kuongea na mtu asiyecheka ninavyotamka. Alilala kwangu hadi siku zake, akajifungua salama, akarudi kwao. Na huko akasema. Kwenye maboti habari zinakwenda haraka kuliko simu. Mwezi uliofuata wakaja wengine wawili, wameambiwa ukifika Mwanza uliza Mkuyuni kwa Mama Dagaa. Hilo ndilo lilikuwa jina langu. Wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao, mimi naitwa kwa jina la kitoweo.

Nilisaidiwa na wawili. Mmoja bibi mkunga, nesi wa serikali ambaye na yeye alikuwa amepunguzwa kazi, akabaki na bakuli lake la chuma na kofia nyeupe. Mwingine jirani yangu muuza mkaa, mwanamke wa nguvu, ana mkokoteni wake mwenyewe. Bibi anawapima wageni matumbo, muuza mkaa anawapeleka hospitali kwa mkokoteni uchungu ukianza, mimi nalisha na kulaza. Hatukuwa na jina wala mwenyekiti. Kikundi ndicho hicho, mnachokiona leo na sare zake.

Lakini chumba ni kimoja. Wakifika wanne, mimi nalala jikoni na dagaa. Baba mwenye nyumba akaniita, kwa upole tu, akaniambia alipangisha chumba, hakupangisha wodi, kwa hiyo ananipa miezi michache nitafute pengine. Hakuwa mtu mbaya. Choo kilikuwa kimejaa.

Mtaani kwetu palikuwa na duka la ushirika. Wenye umri wangu mnalikumbuka lile, la sukari ya foleni na sabuni ya mche. Ruksa ilipokuja likafa, kila kitu kikawa kinauzwa kila kibanda, hakuna tena wa kupanga foleni. Jengo likabaki limefungwa kufuli, funguo iko kwa mwenyekiti wa mtaa. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, bomba uani. Tukasikia kuna mkutano wa mtaa wa kuamua apewe nani. Bibi mkunga akasema tukaombe. Nani aseme? Akasema mimi, kwa sababu wageni ni wangu.

Nilifanya mazoezi, jamani. Nawageuza dagaa juani huku nasema, "Tunaomba mahali pa kulaza wajawazito." Muuza mkaa ananisikiliza, ananirekebisha. Ilifika mahali nikawa naisema sawasawa kila mara. Nikajiamini.

Siku ya mkutano alitangulia kijana mmoja aliyetaka jengo aweke video, aoneshe picha za ngumi. Akaongea vizuri, mkono mmoja mfukoni. Wakampigia makofi. Nikaitwa mimi. Nikasimama, nikaona nyuso zote zile, wanaume wamekaa mbele kwenye mabenchi, wanawake wamesimama nyuma, na sentensi yangu ikanikimbia. Nikasema, "Tunaomba mahari." Nikasikia mtu anapumua puani. Nikajua nimekosea lakini sikujua wapi, nikairudia kwa nguvu zaidi. "Mahari, ndugu mwenyekiti. Mahari pa kuraza wajawazito."

Wakacheka. Si wote kwa ubaya, mjue. Hata ningekuwa mimi nimekaa pale ningecheka: mwanamke mzima anasimama mbele ya serikali ya mtaa anadai mahari. Ningeweza kucheka nao tukayamaliza. Ila kwenye benchi la mbele alikuwepo mwanamume aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu pale mizani, mtu anayenijua, amekula ugali kwangu mara nyingi. Akageuka akaniambia kwa sauti ya utani, "Shemeji, mahari yako si ilishaliwa? Ng'ombe walikwenda kisiwani, ndama hatukuwaona. Mwenye ng'ombe kaenda kutafuta ndama Geita."

Hapo hakuna aliyebaki bila kucheka. Mwenyekiti mwenyewe alifunika uso na daftari lake. Mimi nilijisikia nimevuliwa nguo. Yale yote niliyoyafunika kwa vitenge, utasa wangu, kuachwa kwangu, yametajwa kwa sentensi tatu, na mimi ndiye niliyeyafungulia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikatoka. Nilipita katikati ya watu, na kila niliyempita ananipisha kama nimebeba maji ya moto. Kijana wa video akapewa jengo.

Kuanzia siku ile nikanyamaza. Nawaambia kweli, niliacha kuongea. Watoto mtaani walikuwa wakiniona wanaitana, "Mahari inapita." Nikahamisha biashara yangu nikapeleka Igoma ambako hawanijui, mteja akiuliza bei namwonesha vidole. Kanisani naimba kwa kufungua mdomo tu. Bibi mkunga alikuja, akakaa, akaondoka. Muuza mkaa alinigombeza, na mimi nikamwangalia tu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba baba mwenye nyumba akinitoa, napanda meli narudi kwetu, nikalime mihogo ya kaka yangu. Wageni waliokuwepo walijifungua mmoja mmoja wakaenda zao, nikashukuru chumba kinavyozidi kuwa kitupu.

Kisha akaja wa mwisho. Alikuja mchana, miguu imevimba, kavuka kivuko kutoka upande wa Sengerema. Binti mdogo, ishirini na kidogo hivi. Akanipa shikamoo, akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Dagaa. Nikaitikia kwa kichwa. Nikampa maji, nikamtandikia mkeka. Bibi mkunga akaitwa, akampapasa tumbo muda mrefu, akaniambia pembeni kwamba mtoto amelala mkingamo, na binti huyu hatakiwi kwenda mbali na hospitali hata kidogo mpaka ajifungue, la sivyo tutawapoteza wote wawili.

Jioni tunakula, nikamwuliza anatoka wapi. Lilikuwa ni swali langu la kwanza kumwuliza mtu kwa siku nyingi. Akasema Geita, machimboni. Mumeo? Akasema mume amekwenda kwenye mgodi mwingine, tangu mimba ilipokuwa changa hajamwona. Nikamwuliza huyo mume anaitwa nani, ile ya kuuliza tu. Akataja jina.

Ndugu zangu, jina lile mimi nimelibeba tangu siku ya pantoni. Na akaendelea, masikini, hajui yuko kwa nani: kwamba ni mtu wa Kisesa, zamani alikuwa wa ushirika, kwamba alikuwa na mke ila huyo mke alirudi kwao kisiwani.

Niliweka tonge chini nikatoka nje. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia. Sitawaambia yote niliyoyawaza pale, kuna watoto humu. Nitasema tu kwamba nilihesabu siku za baba mwenye nyumba zilizobaki, nikaona zitaisha kabla hajajifungua. Nikinyamaza tu, nisipofanya lolote, huyu binti atatolewa nje pamoja na mimi, na litakalompata halitakuwa la kwangu. Niliwaza hivyo. Niliwaza huku nasikia anakohoa ndani. Nikaona aibu ambayo mbele yake ile ya mkutanoni ilikuwa mchezo.

Nikarudi, nikamwuliza swali moja. Nilitaka kujua kama alitolewa mahari. Akainamisha kichwa. "Hata kuku," akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka, na nikicheka machozi yananitoka, na yeye akadhani nina ugonjwa.

Sikumwambia mimi ni nani. Sikuweza. Nilimpikia, nikamkanda miguu.

Wiki ile ile tukapata habari kwamba kijana wa video amefunga, amehamia Igoma kwenye watu wengi. Jengo wazi tena, mkutano tena. Safari hii anayelitaka ni mtu wa kuweka kilabu cha pombe. Bibi mkunga akasema atasema yeye, mimi nije nikae tu nyuma, wanione. Nikakubali. Nikamwambia binti abaki amelala. Hakubaki. Alichoka kulala, akajifunga kanga akatufuata, akasimama na wanawake wengine karibu na mlango.

Bibi alisimama akaanza vizuri. Akaeleza habari za kina mama wanaolala barazani. Watu wanapiga miayo, maana hilo ni jambo la wanawake. Mara yule yule bwana wa mizani akaona afurahishe kikao. Akasema leo wameleta msemaji mwingine, yule wa mahari yuko wapi? Watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. Naye akapata moto, akamtaja mume wangu kwa jina lake kamili, akauliza kama ameshaleta ndama kutoka Geita au bado.

Mimi sikumwangalia yeye. Nilimwangalia binti. Nikaona anavyolisikia jina lile, anavyowatazama wanaocheka, anavyofuata macho yao mpaka yanapoishia, na yanaishia kwangu. Akaelewa. Akashika mdomo. Akageuka atoke, na pale mlangoni palikuwa na ngazi, na mimi nikaona tumbo lile na ngazi zile.

Nikasimama. Sijui nilifikaje kwake, ila nilimshika mkono, nikamvuta nikaja naye mpaka mbele, kwenye meza ya mwenyekiti. Alikuwa hataki. Alikuwa analia, ananiambia, "Dada, niache." Nilikuwa nimempa tonge kwa wiki nzima akiniita mama, pale ndipo aliponiita dada.

Nikafungua mdomo, na maneno yakatoka vile vile yanavyotoka. Nikasema, "Mlicheka kwamba niliomba mahari. Leo naomba tena mahari. Ng'ombe wangu waliliwa na wajomba zangu, mimi sikuonja. Huyu hapa hata kuku hakutolewa. Mume ni mmoja, rafiki yenu, mmecheza naye bao hapa hapa. Mnauliza ndama, ndama ndiye huyu, yuko tumboni, na amekaa vibaya, na hana pa kuzariwa. Kwa hiyo sisi wawili tunadai mahari yetu wenyewe. Tunataka lile duka."

Sijui ni herufi ngapi niliziharibu. Nasikia nilisema vibaya karibu zote. Mtoto yule naye namwomba msamaha kwa kumwita ndama. Lakini hakuna aliyecheka. Na msifikiri nilijisikia shujaa. Nilijisikia nimejivua nguo mwenyewe safari hii, na nimemvua na mtoto wa watu.

Yule bwana wa mizani aliangalia viatu vyake. Halafu wanawake wa nyuma, ambao siku zote walikuwa wanasimama, wakaanza kusogea mbele. Hakuna aliyewaita. Wakaja wakasimama upande wetu, mmoja akamfunga binti kanga iliyokuwa imelegea. Mwenyekiti akauliza wanaokubali akina mama wapewe jengo wanyooshe mikono. Mwenye kilabu alinyoosha wa kwanza. Alisema baadaye kwamba alimkumbuka mama yake, mimi nadhani aliogopa wateja wake.

Binti jioni ile alitaka kuondoka. Alisema hawezi kula chakula cha mwenye mume. Nikamwambia mume huyo hata mimi simli, na kwamba mtoto amelala mkingamo, hajui habari za mahari. Akabaki. Tulipanguza pamoja lile duka, tukatoa panya, tukatoa magunia, harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imeingia mpaka ukutani. Siku ya pili yake nikakuta mlango wa uani, uliokuwa umekatika bawaba, umetengenezwa. Nikaambiwa ni yule bwana wa mizani, alikuja na nyundo yake asubuhi na mapema akaondoka kabla hatujafika. Hajawahi kulitaja mpaka leo, na mimi sijamwuliza. Tukikutana tunasalimiana, kila mtu anaangalia pembeni.

Uchungu ulipomshika binti, muuza mkaa alikuja na mkokoteni ameutandika magunia matupu na shuka langu juu. Tulisukuma watatu. Walimpasua, akatoka mtoto wa kike mzima. Walinipa nimshike mimi kwanza, kwa sababu mama alikuwa bado hajazinduka, na nesi akaniuliza mimi ni nani wake. Nilimwangalia mtoto nikaona masikio ya baba yake. Nikaona wivu, nikaona furaha, nikaona aibu kwa ajili ya ule wivu, vyote kwa mpigo, na mtoto amelala tu.

Ndivyo tulivyoanza. Wanawake waliosogea mbele siku ile ndio wanachama wa kwanza. Wengine walitaka tukiite kikundi Mahari, nikakataa, nikawaambia aibu hiyo iishie mdomoni mwangu. Leo kila siku kuna wanaolala pale, wa visiwani, wa Sengerema, hata wa hapa hapa mjini ambao nyumbani hakukaliki. Wanaume wa mtaa wanaleta kuni.

Mume wangu alikuja. Najua mnangoja niseme. Alikuja msimu mmoja wa mvua, amekonda, dhahabu hakuipata, amesimama barazani na begi lake. Aliponiona nimetoka na sufuria ya uji na nyuma yangu ametoka yule binti, ambaye hakurudi tena Geita, na mtoto mgongoni, alitaka kurudi alikotoka. Nilimpa uji, akanywa amesimama. Akauliza kama anaweza kulala. Nikamwambia, baba, hapa wanalala wajawazito tu. Akaenda kwa kaka yake Kisesa, na yuko huko mpaka sasa, anakuja kumwona mtoto. Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwonea aibu, kwa sababu nilijua inavyokuwa kusimama mbele ya watu na kuomba pa kulala.

Nawashukuru. Bibi mkunga ametangulia mbele ya haki, bakuli lake bado tunalitumia. Muuza mkaa mnamwona pale, hataki nimtaje zaidi. Mwenyekiti aliyetupa funguo, baba mwenye nyumba aliyenivumilia mwezi wa ziada, na wale wote walionicheka kisha wakanyoosha mikono. Na mwenzangu, mama wa mtoto, ambaye hajawahi hata siku moja kunikumbusha kwamba tulikuwa wake wenza. Wabeja sana, asanteni.

Fundisho langu ni dogo. Watu husema aibu inaisha. Yangu haijaisha, nimezoea tu kutembea nayo. Ila nimejifunza kwamba mtu mwenye aibu hajui kuomba. Atakosea neno, au atakohoa, au atasema amepita tu kusalimia. Ukimngoja aseme sawasawa, utangoja mpaka azikwe. Usimsikilize anavyotamka. Mwangalie anachobeba.

Nasema hivi kwa sababu tangu tumeanza kikao hiki kuna mama amekaa pale nje ya mlango, kwenye kile kivuli. Ana ndoo na kifurushi, na anavua viatu anavaa, anavua anavaa. Wote tumemwona. Kila mmoja wetu anadhani ni mgeni wa mwenzake. Mimi nimemaliza maneno yangu. Mmoja wenu ainuke akampokee ule mzigo, kabla hajalazimika kuja hapa mbele kutueleza.